Mapatano ya Siri Sokoni

Bismillahir-Rahmanir-Rahim.

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, Aliyewafungulia waja Wake mlango wa kuuza na kununua, Akawafungia mlango wa dhulma. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, aliyekuwa mfanyibiashara mwaminifu kabla hajapewa Utume, na ziwafikie Aali zake na Sahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Katika darasa letu tumeulizwa mara nyingi suala hili: Bei ya kitu hupanda siku moja katika maduka yote ya mtaa, au kwa makampuni yote yanayokitengeneza, na wala hapana ushuru ulioongezwa wala ukame ulioingia. Mnunuzi akitoka kwa huyu akaenda kwa yule, hukuta neno ni lile lile. Je, wauzaji hao wakiwa wamepatana kwa siri, sheria ya Kiislamu yasemaje juu yao? Na ni dawa gani itakayowazuia?

Suala hili lawahusu watu wote, lakini lawahusu zaidi watu wa mitaa yetu hii ya Eastlands, tangu Pumwani na Majengo mpaka Kaloleni, Makongeni, Eastleigh, Dandora, Umoja na Kayole. Wengi katika sisi hununua unga wa siku kwa fedha ya siku. Tajiri akizidishiwa shilingi kumi hazioni. Maskini akizidishiwa shilingi kumi, hupunguza chakula cha mtoto. Kwa hiyo twaona yatupasa kujibu kwa urefu.

SI KILA GHALI NI DHULMA

Kwanza yataka tujue kwamba kupanda kwa bei peke yake si dhambi ya mtu. Mvua ikikosekana mahindi huwa haba, na kilicho haba hupanda thamani. Wanunuzi wakiwa wengi na bidhaa ni kidogo, bei hupanda. Zama za Mtume s.a.w. bei zilipanda katika mji wa Madina, na Sahaba wakamwomba awakatie watu bei. Alikataa. Aliwaeleza kuwa mambo ya bei na riziki yamo mikononi mwa Mwenyezi Mungu, na kwamba yeye ataka kukutana na Mola wake hali ya kuwa hapana mtu amdaiye dhulma, si ya damu wala ya mali. Hadithi hii ni sahihi, na aliyeipokea ni Anas bin Malik, Mwenyezi Mungu Amridhie.

Wako wafanyibiashara wa leo walioifanya hadithi hii kuwa ngao. Mtu akiwaambia mmewaumiza watu, wao humjibu kwamba bei ni kazi ya Mungu. Twawaambia: Tazameni vizuri sababu ya Mtume kukataa. Alikataa kwa kuogopa asimdhulumu muuzaji kwa kumlazimisha bei asiyoiridhia. Basi ikiwa Mtume mwenyewe, naye ni mkubwa wa umma, aliogopa kukata bei juu ya watu, itakuwaje wauzaji watano au tisa wajifungie chumbani, waikate wao bei, kisha wamlazimishe kila mtu kuifuata? Wenye kupatana hivyo hawakuiacha bei kwa Mwenyezi Mungu. Wameinyang'anya, wakaifanya yao. Hadithi wanayojikinga nayo ndiyo hoja iliyo juu yao.

MANENO YA MAULAMAA

Msidhani kwamba jambo hili ni jipya. Imamu Abu Hanifa na wanafunzi wake walilizungumza zaidi ya miaka elfu moja na mia mbili iliyopita. Katika zama zao palikuwa na watu ambao kazi yao ni kugawanya mali ya urithi na ya ushirika kwa ujira. Maimamu hao walimkataza kadhi asiwaache wagawanyaji hao kuungana wakawa shirika moja. Sababu waliyoitaja ni kwamba watu hawana budi nao, na wakishaungana ujira utapanda, maana mwenye shida hatakuwa na pengine pa kwenda.

Kisha akaja Sheikhul-Islam Ibn Taymiyya, aliyefariki mwaka 728 wa Hijra, yaani 1328. Katika kitabu chake juu ya Hisba aliyachukua maneno hayo ya Mahanafi akayapanua. Alieleza kwamba ikiwa wagawanyaji wa mali wanazuiliwa wasiungane, basi wauzaji walioapizana wasiuze ila kwa bei waliyoikata ndio wanaostahiki zaidi kuzuiliwa. Na wanunuzi waliopatana kuishusha bei ili wamdhulumu muuzaji, hukumu yao ni hiyo hiyo. Kuwaacha waendelee, kwa maoni yake, ni kuwasaidia katika uadui. Mwanafunzi wake Ibnul-Qayyim aliyathibitisha hayo katika kitabu chake juu ya njia za hukumu.

Msingi wa maneno yao umo katika Qur'ani. Katika Suratul-Maida tumeamrishwa kusaidiana katika wema na ucha-Mungu, na tumekatazwa kusaidiana katika dhambi na uadui. Na katika Suratul-Mujadila waumini wamekatazwa kunong'onezana mambo ya dhambi. Mapatano ya siri ya bei yamekusanya makatazo yote mawili: ni msaada wa dhulma, na ni mnong'ono.

Lakini asije mtu akadhani kwamba tunaharimisha ushirika. Shirka ni halali. Watu wawili wakichanganya mtaji wao, wakafanya kazi pamoja, wakagawana faida na khasara, hilo ni jambo jema. Akina mama wa Gikomba wakikusanya fedha wakanunua magunia kwa pamoja ili bei iwateremkie, hawakumdhulumu mtu. Dhulma ni pale watu walio mbalimbali, kila mmoja na duka lake na faida yake, wanapojionyesha sokoni kuwa washindani, na kwa siri wakawa wamekwisha kupatana wasishindane. Mnunuzi huhangaika akidhani anachagua, na hali wamemfungia milango yote. Huo ni uwongo kabla haujawa unyang'anyi.

Na alama ya kuwatambua ni moja. Usitazame bei peke yake, kwa maana bei za maduka mengi huweza kulingana bila ya njama. Tazama yatakayompata mtu akitaka kupunguza. Ikiwa mwenye duka aweza kuuza kwa bei ya chini kuliko jirani yake na asidhuriwe, soko hilo ni huru. Ikiwa atatishwa, au atanyimwa mzigo, au ataharibiwa kazi yake, ujue kwamba pana mapatano.

Huenda mtu akatujia na kisa cha Sayyidna Umar r.a., aliyempita Hatib bin Abi Balta'a akiuza zabibu sokoni kwa bei ya chini, akamwambia apandishe bei au aondoke. Kisa hicho kimo katika Muwatta. Lakini Imamu wetu Shafii amekipokea kwa utimilifu: Umar aliporudi nyumbani alijihoji nafsi yake, kisha akamwendea Hatib, akamfahamisha kuwa maneno yale hayakuwa amri wala hukumu, na kwamba yeye yu huru kuuza apendapo na kama apendavyo. Basi ikiwa Khalifa wa Waislamu alirudi nyuma katika jambo hili, mwenyekiti wa chama cha wauzaji ana haki gani ya kumwambia mwenziwe usipunguze?

YALIYOTOKEA KENYA

Tuje sasa kwenye nchi yetu. Bunge la Kenya lilipitisha Sheria ya Ushindani, nambari 12 ya mwaka 2010, nayo ikaanza kutumika mwaka 2011. Sheria hiyo yakataza makampuni kupatana bei, kugawana masoko, na kupanga kwa siri nani atashinda zabuni. Yavikataza pia vyama vya wafanyibiashara kuwapangia wanachama wao bei. Kampuni ikipatikana na kosa yaweza kutozwa hadi sehemu moja ya kumi ya mauzo yake ya mwaka uliotangulia katika Kenya. Na mtu akihukumiwa mahakamani aweza kufungwa hadi miaka 5, au kutozwa hadi shilingi milioni 10, au yote mawili. Mlinzi wa sheria hii ni Mamlaka ya Ushindani ya Kenya.

Mwezi wa Agosti 2023, baada ya uchunguzi ulioanza mwaka 2020, Mamlaka hiyo iliyatoza makampuni 9 ya chuma faini ya jumla ya shilingi milioni 338.8. Iliona kwamba yalipatana bei na kupunguza bidhaa zinazofika sokoni. Majina yao hatuyataji, maana makusudio yetu ni kuonya, si kuaibisha. Lakini tufikiri: Chuma ni kitu gani kwetu? Ni nondo za nyumba, ni mabati ya mapaa, ni misumari na waya. Ni kitu anachokinunua mjane anayeongeza chumba kimoja ili apate kodi. Ni kitu anachokinunua mzee anayetaka kuezeka chuo cha watoto wa Qur'ani kwa sadaka za majirani. Anayezidisha bei ya bati kwa njama ametia mkono hata katika kisanduku cha sadaka.

Waswahili husema kwamba fahali wawili wapiganapo, ziumiazo ni nyasi. Sisi twaona kwamba fahali hao wakipatana, nyasi huumia zaidi, kwa sababu wakipigana huenda mmoja akachoka, na wakipatana huketi papo hapo wakala mpaka mizizi.

KINACHOYAVUNJA MAPATANO

Faini peke yake yatosha? Mwizi akiiba shilingi mia akatozwa kumi, kesho ataiba tena, na hizo kumi atazihesabu kuwa kodi ya wizi wake. Na zaidi ya hayo, dhulma hii hufanywa faragha. Haina damu wala mlango uliovunjwa. Aliyedhulumiwa hajui kuwa amedhulumiwa; ajua tu kwamba maisha ni magumu. Nani basi atakayeitoa siri? Wazee wetu wamekwisha kutujibu: Siri ya mtungi iulize kata. Ajuaye ni yule aliyekuwamo ndani.

Kwa ajili hiyo nchi nyingi zimeweka mlango wa msamaha. Marekani, ambayo ina sheria ya kupinga mapatano haya tangu mwaka 1890, iliupanua mlango huo mwaka 1993, na Kenya nayo imeufungua. Maana yake ni kwamba kampuni ya kwanza kuja kwa Mamlaka ikakiri na kutoa ushahidi, yaweza kusamehewa faini yote. Zinazofuata hupunguziwa, lakini si kama ya kwanza. Jambo hili lina hekima kubwa. Watu waliopatana kudhulumu wameunganishwa na tamaa tu, na tamaa haina uaminifu. Kila mmoja akijua kwamba mwenziwe aweza kumtangulia kwenda kukiri, hulala na khofu. Khofu hiyo ndiyo inayoyavunja mapatano, na ndiyo inayowazuia wengine wasiyaanze.

Baadhi ya ndugu wameuliza: Je, ni haki mkosa kusamehewa kwa sababu tu amewahi kusema? Twawajibu kwamba sheria yetu yaijua hekima hii. Katika Suratul-Maida, baada ya kutajwa adhabu kali ya wanaowapiga watu vita na kufanya uharibifu katika nchi, wametolewa katika adhabu hiyo wale waliotubu kabla ya kukamatwa. Aliyekuja kwa hiari yake si sawa na aliyeletwa kwa pingu.

Lakini hapa pana tofauti, na yatupasa kuishika sana. Dola yaweza kusamehe faini, maana faini ni haki ya dola. Haki ya mnunuzi dola haiwezi kuisamehe. Maulamaa wamekubaliana kwamba toba ya dhulma ya mali haitimii mpaka mali irudi kwa mwenyewe. Asiyewajua aliowadhulumu, kwa kuwa ni maelfu ya watu waliopita dukani, aitoe mali hiyo sadaka kwa niaba yao, au aitie katika maslaha ya watu wote, kama maji, barabara na matibabu ya maskini. Asidhani kwamba akishapata barua ya msamaha amesafika. Mbele ya Mwenyezi Mungu daftari lake li wazi bado.

WATU WA BUSTANI

Katika Suratul-Qalam Mwenyezi Mungu Ametupa kisa cha watu waliorithi bustani. Walipatana usiku, wakaapa kwamba wataivuna alfajiri kabla maskini hawajaamka kuja kuomba fungu lao. Walikwenda wakinong'onezana, asije maskini akawasikia. Na bustani yao ilikuwa imekwisha kuteketea usiku ule, wao wamelala. Walipoiona wakadhani wamepotea njia. Kisha wakafahamu, wakageukiana wakilaumiana.

Humo mna yote tuliyoyasema. Mna mapatano, mna mnong'ono, mna maskini aliyefungiwa mlango, na mna washirika waliogeukiana siri ilipokatika. Na mna mtu mmoja, aliye bora wao, ambaye alikuwa amekwisha kuwaonya. Mtu huyo tumfikiri sana. Alisema neno la haki, lakini alikwenda nao, na bustani yake iliungua pamoja na zao. Kunung'unika ndani ya mkutano hakutoshi. Anayejua, na aketi, na mwisho atie saini, ni mmoja wao.

Kwa upande wa pili tumtazame mtu wa zama zetu. Mwaka 2006, katika jimbo la Western Cape la Afrika Kusini, wachuuzi wa mkate waliambiwa na makampuni makubwa ya mikate, kwa wakati mmoja, kwamba bei itapanda na kwamba fungu lao litapunguzwa. Mchuuzi mmoja Mwislamu, Imraahn Ismail Mukaddam, hakunyamaza. Yeye na wenziwe walipeleka mashtaka kwa Tume ya Ushindani ya nchi ile. Uchunguzi ulipoanza, kampuni moja, Premier, ilikiri ili ipate msamaha, na ushahidi wake ukayafunua mengine. Mwaka 2007 Tiger Brands ilikubali kulipa zaidi ya randi milioni 98, na mwaka 2010 Pioneer ikatozwa zaidi ya randi milioni 195. Mukaddam mwenyewe alipata khasara kubwa katika biashara yake. Lakini aliendelea kudai haki ya wachuuzi mpaka Mahakama ya Katiba, ambayo mwaka 2013 iliondoa hukumu zilizomfungia mlango, ikamrejeshea nafasi ya kusikilizwa. Mchuuzi wa mkate aliwatikisa wenye viwanda, kwa kuwa alikataa kusema "mimi ni mdogo."

KIKULACHO KI NGUONI MWAKO

Sasa tujitazame wenyewe. Ni rahisi kuwalaumu matajiri wa viwanda, wale ambao magazeti huwaita makateli. Je, sisi?

Katika kituo cha matatu, mvua ikianza jioni, nauli hupanda. Abiria wakiwa wengi na magari ni machache, huenda mtu akasema hilo ni soko. Lakini wakuu wa kituo wakikata nauli moja, na dereva anayetaka kuwachukua wazee na wanafunzi kwa nauli ya chini akazuiwa asipakie, hiyo ni dhulma ile ile ya chuma, ila ni ndogo. Mabomba yakikauka, mchuuzi wa mkokoteni ana haki ya ujira wake, kwa kuwa ameyateka maji na kuyabeba. Lakini wachuuzi wakiapizana mtungi wa lita 20 usishuke bei fulani, na anayeshusha mitungi yake ikapasuliwa, wamekifanya minyororo kitu ambacho Mtume s.a.w. alikitaja miongoni mwa vitu ambavyo watu wote ni washirika. Vivyo hivyo wenye maduka ya unga, wauza nyama, wauza makaa, na wenye nyumba za kupangisha. Mwenye kudhulumu shilingi tano kwa watu elfu asidhani ametenda dogo. Siku ya Kiyama atakutana na wadai elfu.

Wengine hujitetea kwamba wasipopatana wataangamizana. Twasema: Aliyeahidi riziki hakuiahidi kwa sharti la njama. Uza kwa uaminifu, pima sawasawa, na kama biashara imejaa watu, tafuta nyingine. Ardhi ya Mwenyezi Mungu ni pana.

Na wengine husema: Nimekwisha kuapa na wenzangu kutunza siri. Kiapo cha dhulma hakimfungi mtu. Mtume s.a.w. ametufundisha kwamba aliyeapa juu ya jambo, kisha akaona lililo bora kuliko hilo, alitende lililo bora na akikafiri kiapo chake. Kafara inajulikana: kulisha maskini kumi au kuwavisha, na asiyeweza afunge siku tatu. Maskini kumi hawakosekani Majengo.

Basi twausia hivi. Mfanyibiashara Mwislamu akiitwa katika mkutano ambao humo bei hukatwa, asiende. Akiwa amekwenda, aondoke na ajulikane kuwa ameondoka. Aliye na ushahidi wa mapatano makubwa aupeleke kwa Mamlaka, maana kuficha ushahidi ni dhambi ya moyo. Mnunuzi anayejua kwamba mwenye duka fulani anadhuriwa kwa kuuza kwa haki, amnunulie huyo hata kama ni mbali, na majirani wasimwache peke yake. Maimamu na walimu waliseme jambo hili juu ya mimbari, kwa kuwa tumezoea kuonya juu ya ulevi na kamari tukawaacha walaji wa mali za watu waketi safu ya kwanza. Na darasa hili halipokei mchango wa mtu ajulikanaye kuwa amo katika mapatano hayo mpaka atubu na arudishe.

Ewe Mwenyezi Mungu, Tubarikie katika kidogo cha halali, na Utuepushe na kingi cha haramu. Watie nguvu wanaosema kweli peke yao, na Uyatenge mafungu ya watu waliopatana juu ya dhulma. Wala Usitujaalie sisi kuwa miongoni mwa waliojua wakanyamaza. Amin.

Wabillahit-tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.